Wakaaji wa Majini Wasioonekana

1. Maji ya Lualaba yatoka wapi

Mto Lualaba hupita Kongolo ukienda upande wa kaskazini. Maji yake hutoka mbali sana. Sehemu moja ya maji hayo huanza kusini, katika nchi ya Zambia. Huko mto Chambeshi huingia katika mabwawa makubwa ya Bangweulu. Maji yakitoka Bangweulu huitwa Luapula, nayo huingia ziwa Mweru. Yakitoka Mweru huitwa Luvua, na Luvua huungana na Lualaba huko Ankoro. Sehemu nyingine hutoka mashariki. Mto Lukuga huliacha ziwa Tanganyika huko Kalemie, ukavuka nchi, ukaingia Lualaba baada ya Kabalo na kabla ya Kongolo.

Basi mtu anayechota ndoo ya maji huko Kongolo, amechota maji ya Bangweulu, ya Mweru, ya Tanganyika, na ya vijito vingi visivyo na jina. Maji hayo yamepita katika mashamba, chini ya mitumbwi, na kando ya vijiji vingi. Mto huchukua kila kitu: majani, udongo, magogo, magugu. Huchukua pia viumbe ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Zamani watu hawakujua habari za viumbe hivyo. Mwaka 1674 mtu mmoja wa nchi ya Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek, alichukua maji kidogo ya ziwa lililo karibu na mji wake wa Delft. Mtu huyo alikuwa mwuza nguo, wala hakusoma katika chuo kikubwa. Lakini alijua kusugua vioo vidogo vya kukuzia vitu, na vioo vyake vilikuwa vizuri kuliko vya watu wengine. Alipotazama maji yale, aliona viumbe vidogo mno vikiogelea huku na huko. Siku hizi chombo cha kutazamia vitu vidogo huitwa hadubini, na hospitali nyingi zinacho.

Viumbe wa majini wasioonekana ni wa aina nyingi. Wengine ni chakula cha samaki wadogo. Wengine husafisha mto. Na wengine huleta ugonjwa kwa samaki, kwa mimea, au kwa watu. Somo hili laeleza habari za aina mbili. Ya kwanza ni ukungu wa maji. Ya pili ni mdudu wa kipindupindu. Hawa si ndugu, lakini kuna jambo moja linalowaunganisha: njia yao ni maji.

2. Sufi nyeupe juu ya nzi

Ukungu wa maji mwenyewe ni mdogo, lakini akiwa wengi pamoja huonekana. Wanafunzi waweza kumwona kwa njia rahisi.

Chukua chupa yenye mdomo mpana. Tia maji ya mto au ya bwawa, nusu ya chupa. Weka juu ya maji nzi mmoja aliyekufa, au panzi mdogo. Weka chupa kivulini, usiifunge kabisa, wala usiitikise. Ngoja siku tatu, nne au tano. Mara nyingi utaona nywele nyeupe laini zimemzunguka nzi pande zote, kama sufi ya msufi. Kazi ikiisha, maji hayo yamwagwe mbali na kisima, chupa ioshwe kwa maji ya moto, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maji hayo yasinywewe hata kidogo.

Wavuvi huona jambo lilo hilo. Samaki aliyekufa akikaa majini siku kadhaa, hufunikwa na utando mweupe kama pamba. Hata mayai ya samaki yaliyokufa hushikwa vivyo hivyo.

Nywele zile ni mwili wa ukungu wa maji. Kila unywele ni mrija mwembamba sana. Mrija huingia ndani ya nzi, hutoa maji makali yanayoyeyusha nyama yake, kisha hunyonya chakula kilichoyeyuka. Hana mdomo wala tumbo. Hula kwa ngozi yake yote. Kwa kazi hiyo mizoga na majani yaliyoanguka majini huoza na kwisha. Kama visingekuwapo viumbe vya kuozesha, mto ungejaa mizoga. Kwa hiyo ukungu wa maji si adui sikuzote. Wengi wao ni wafagiaji wa mto.

3. Si kuvu, ingawa afanana na kuvu

Watu wenye elimu waliwaita viumbe hawa oomisete. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kuvu wenye mayai. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa kuvu, kama uyoga na kama ukungu unaoota juu ya mkate. Lakini walipochunguzwa vizuri, ilionekana kwamba wao si kuvu.

Tofauti ni hizi. Ukuta wa mwili wa kuvu umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi na la kaa. Ukuta wa oomisete umejengwa hasa kwa selulosi na vitu vya jinsi hiyo. Selulosi ndiyo iliyomo katika miti na pamba. Tena ndugu zao wa karibu si uyoga, bali ni mwani wa rangi ya kahawia unaoota baharini. Ndiyo kusema, mwenye kufanana kwa sura si lazima awe ndugu. Popo ana mabawa, lakini si ndege.

Jambo hili si la majina tu. Dawa nyingine zinazoua kuvu hazimwui oomisete, kwa sababu mwili wake ni mwingine. Mkulima asiyejua tofauti hii hununua dawa bure.

4. Mbegu zinazoogelea

Sasa tutazame jinsi ukungu wa maji anavyozaa. Jambo hili ndilo ufunguo wa somo lote.

Ncha ya unywele huvimba ikawa kama kifuko. Ndani ya kifuko hufanyika mbegu ndogo nyingi. Kisha kifuko hupasuka, na mbegu hutoka majini zikiogelea. Mbegu hizo huitwa zuspora. Ni ndogo sana: zikipangwa mia moja katika mstari mmoja, mstari huo hupata urefu wa milimita 1 tu.

Kila zuspora ina mikia miwili. Mkia mmoja una manyoya, nao hutangulia mbele na kuivuta mbegu. Mkia wa pili ni laini, nao hufuata nyuma. Zuspora haina macho, lakini hutambua vitu vilivyoyeyuka majini, kama mbwa anavyotambua harufu. Mzizi wa mmea hutoa utamu kidogo katika maji ya udongoni; zuspora huufuata utamu huo mpaka kwenye mzizi. Ngozi ya samaki iliyochubuka nayo huivuta.

Ikifika, zuspora huacha mikia yake, hujikunja kuwa duara, na kujifunika kwa ukuta. Halafu huchipua, kama mbegu ya hindi ichipuavyo, na chipukizi lake huingia ndani ya mzizi, au ndani ya jani, au ndani ya nyama ya samaki.

Ukungu huu huzaa pia kwa njia nyingine. Hufanya mayai yenye ukuta mnene. Mayai ya aina nyingi za oomisete huweza kulala udongoni au topeni muda mrefu, hata maji yakauke. Mvua zikirudi, huamka.

Basi zuspora haina miguu wala mabawa. Bila maji haiwezi kwenda po pote. Lakini haihitaji maji mengi. Umande juu ya jani watosha. Maji yaliyo katikati ya punje za udongo baada ya mvua yatosha. Kumbuka neno hili: zuspora hutembea mahali palipo maji tu.

5. Samaki wenye vidonda

Mwaka 1971, katika nchi ya Japani, samaki wa mabwawa walionekana wana vidonda. Miaka iliyofuata, ugonjwa huo ulionekana Australia na katika nchi nyingi za Asia. Samaki huanza kuwa na madoa mekundu. Kisha doa huwa kidonda, na kidonda huchimba nyama, mara nyingine mpaka mfupa au mpaka tumbo lionekane. Wachunguzi walitafuta sababu muda mrefu. Mwishowe walijua kwamba ndani ya vidonda mna nyuzi za ukungu wa maji, naye jina lake la Kilatini ni Aphanomyces invadans.

Katika Afrika ugonjwa huo ulitambuliwa kwanza katika mito ya Chobe na Zambezi, mpakani mwa Botswana, Namibia na Zambia, miaka ya 2006 na 2007. Kambale walishikwa, na samaki wengine wa mtoni vilevile. Kisha mwaka 2014 ugonjwa ulionekana katika mabwawa ya Bangweulu na mto Chambeshi. Waliouchunguza waliandika kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona katika maji yanayoingia mto Kongo.

Msomaji atakumbuka mwanzo wa somo. Maji ya Bangweulu huteremka Luapula, Mweru na Luvua, hata Ankoro. Na kutoka Ankoro huja Kabalo na Kongolo. Zuspora moja haiwezi kusafiri safari ndefu namna hiyo kwa nguvu zake. Lakini samaki mgonjwa huogelea. Nyavu mbichi huchukuliwa na mtu kutoka ziwa moja mpaka jingine. Samaki wachanga wa kufugwa husafirishwa katika madebe yenye maji. Kwa njia hizo ukungu hupata kwenda mbali. Kwa hiyo wavuvi wa Lualaba wana sababu nzuri ya kuwatazama samaki wao kwa makini.

Kwa nini samaki hushikwa? Ngozi ya samaki mzima ina ute, na ute huo ni kinga yake. Lakini mvua zikianza baada ya ukame, gharika hupita juu ya nchi kavu. Udongo wa namna fulani huyafanya maji hayo kuwa makali, kama maji yaliyotiwa ndimu. Ukali huo huumiza ngozi ya samaki. Vidonda vya ndoana na vya nyavu pia humfungulia ukungu mlango. Maji yakiwa baridi kidogo, mwili wa samaki hupigana na ugonjwa polepole, na ukungu hupata nafasi.

Je, ukungu huu humshika mtu? Hapana. Haumei katika joto la digrii 37, na hilo ndilo joto la mwili wa mtu. Hata hivyo samaki mwenye vidonda asiuzwe sokoni wala asiliwe, kwa kuwa bakteria nyingine mbaya huingia katika nyama iliyooza.

Hakuna dawa ya kuutibu mto mzima. Kazi ya watu ni kuzuia. Mvuvi akimwona samaki mwenye vidonda, asimtupe tena majini. Amzike mbali na maji au amchome moto. Asichukue nyavu mbichi kutoka maji ya mahali pamoja kwenda maji ya mahali pengine, bali azianike juani mpaka zikauke kabisa. Asihamishe samaki hai kutoka mahali penye ugonjwa. Mwenye bwawa la samaki, akiwatoa samaki wake wote, aliache bwawa likauke juani, kisha anyunyize chokaa kabla ya kulijaza tena. Na wote wamwarifu mkubwa wa mambo ya uvuvi au wa kilimo, ili vijiji vingine vijulishwe mapema.

Faida ya kazi hiyo ni kubwa. Katika nchi ya mto, samaki ndiye kitoweo, naye ndiye fedha ya karo na ya nguo. Samaki wakipungua, njaa huanza jikoni kabla ya kuonekana sokoni.

6. Ukungu wa maji shambani

Oomisete wengine wamehama mtoni, wakaja kukaa mashambani. Lakini hawakuacha desturi yao ya zamani: bado wanataka maji ili mbegu zao zitembee.

Mwenye sifa mbaya kuliko wote ni adui wa viazi ulaya. Jina lake la Kilatini ni Phytophthora infestans. Neno Phytophthora maana yake ni mharibifu wa mimea. Mwaka 1845 ukungu huu uliingia nchi ya Ireland. Huko maskini wengi walikula viazi karibu kila siku, wala hawakuwa na chakula kingine. Majani ya viazi yaligeuka meusi, na viazi vilioza udongoni. Miaka iliyofuata viazi viliharibika tena na tena. Watu karibu milioni 1 walikufa kwa njaa na kwa magonjwa yaliyofuata njaa, na wengine zaidi ya milioni 1 walihama nchi yao.

Wakati ule wengi walisema kwamba mvua na baridi ndiyo iliyoozesha viazi, na kwamba ukungu ulikuja baadaye tu. Mwaka 1861 mtaalamu wa Ujerumani, Anton de Bary, alithibitisha kinyume chake. Alitia mbegu za ukungu juu ya viazi vizima, vikaugua. Vile ambavyo hakuvitia havikuugua. Basi mvua si mwuaji. Mvua ni njia ya mwuaji.

Ukungu huo ulifika Kenya mwaka 1941. Siku hizi wakulima wa viazi katika milima ya Kivu, Rwanda, Uganda na Kenya wanaujua sana. Kwanza jani hupata doa la rangi ya maji. Doa huwa la kahawia, kisha jeusi, na chini ya jani huonekana utando mweupe wakati wa asubuhi. Mvua ikinyesha siku nyingi, shamba zima laweza kufa kwa muda wa majuma machache. Nyanya nazo hushikwa, kwa maana nyanya na kiazi ulaya ni wa jamaa moja.

Huko Kongolo watu hawalimi viazi ulaya sana, bali mihogo. Mihogo nayo ina maadui wa jamaa hii. Muhogo ukipandwa mahali maji yanapotuama, mizizi huoza, hunuka, na majani hunyauka. Oomisete wa jamaa za Phytophthora na Pythium wamo katika wenye kuleta uozo huo, pamoja na kuvu wengine. Huko Rwanda na magharibi mwa Kenya, jamaa ya Pythium imeozesha sana mizizi ya maharagwe.

Mkulima atafanya nini? Akumbuke neno lile: zuspora hutembea mahali palipo maji tu. Basi aondoe maji. Apande mihogo na maharagwe juu ya matuta, ili maji yateremke mferejini. Asipande mahali palipo chepechepe. Achague miche ya mihogo iliyo mizima, wala asichukue mti kutoka shamba lililooza. Mizizi iliyooza aing'oe na kuichoma, asiiache shambani. Shamba lililougua alipande mahindi mwaka unaofuata, ili mayai ya ukungu yanayolala udongoni yasikute chakula chake. Asipande viazi au nyanya zikibanana mno, bali aache upepo upite na kukausha umande.

Iko dawa moja ya zamani iliyopatikana kwa namna ya ajabu. Katika nchi ya Ufaransa, karibu na mji wa Bordeaux, wenye mizabibu walichoka na wezi wa zabibu. Wakachanganya chumvi ya shaba na chokaa, wakainyunyiza juu ya mizabibu iliyo kando ya njia, ili wezi wafikiri ni sumu. Mwaka 1882 mwalimu Pierre Millardet alipita hapo. Akaona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani mazima, na ile ya ndani ya shamba ilikuwa imeshikwa na ugonjwa wa ukungu. Akauchunguza mchanganyiko ule, na mwaka 1885 akaueleza kwa watu wote. Hata leo dawa za shaba zinatumika kukinga viazi, nyanya na kakao. Lakini dawa hizo hukinga jani ambalo bado ni zima. Haziponyi jani lililokwisha kuoza.

7. Mkaaji mwingine: mdudu wa kipindupindu

Sasa iko habari ya mkaaji wa pili, ambaye huua watu. Yeye si oomisete. Ni bakteria, mdogo zaidi kuliko zuspora. Mia tano wakipangwa mstari mmoja hupata milimita 1. Ana umbo lililopinda kama alama ya mkato katika maandishi, na mkia mmoja wa kuogelea. Jina lake la Kilatini ni Vibrio cholerae, na ugonjwa wake ni kipindupindu, au kolera.

Mdudu huyu aweza kukaa majini pasipo mtu. Hushikamana na mimea midogo na wanyama wadogo mno waeleao majini. Lakini hasa husafiri kwa njia ya mavi ya mgonjwa. Mvua huyachukua mpaka mtoni; mtu mwingine huchota maji, akanywa, au akaosha matunda na vyombo; na mdudu huingia tumboni mwake.

Kipindupindu kilifika mashariki ya Kongo mwaka 1978, na tangu wakati ule hakikwisha. Wachunguzi walioandika mwaka 2008 walionyesha kwamba ugonjwa hudumu hasa katika miji ya kando ya maziwa, na Kalemie ni mmoja wao. Kutoka huko watu huenda na kurudi, kwa mitumbwi, kwa gari moshi na kwa miguu, na ugonjwa huenda pamoja nao. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza Kisangani, kikaufuata mto Kongo kwa muda wa miezi michache, hata kikafika Kinshasa. Kilipita katika njia ile ile ambayo watu na biashara hupita.

Mdudu akiwa tumboni hutoa sumu. Sumu hiyo hufanya matumbo kumwaga maji ya mwili, kama mtungi uliotoboka. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji ya mchele, hutapika, macho huingia ndani, na ngozi hukunjamana. Kwa saa chache tu aweza kufa. Hafi kwa kuliwa na mdudu. Hufa kwa kukaukiwa maji.

Kwa sababu hiyo dawa ya kwanza ni kumrudishia maji. Mgonjwa apelekwe upesi kwenye dispensari au hospitali. Akiwa nyumbani na njiani anyweshwe maji ya chumvi na sukari. Hutengenezwa hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Anyweshwe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Wagonjwa wakitibiwa mapema na vizuri, hafi hata mmoja katika mia. Wasipotibiwa, katika wale waliozidiwa sana hufa hata nusu.

Wako watu wanaosema kwamba mgonjwa wa kuharisha asipewe maji, kwa kuwa maji humzidisha kuharisha. Maneno hayo si kweli, nayo yameua watoto wengi. Mtungi uliotoboka haujazwi kwa kuacha kutia maji. Mwenye kuharisha anywe, tena anywe.

8. Kukata njia

Mwenye kusoma habari hizi zote ataona jambo moja. Wakaaji wa majini ni wengi sana, wala hawezi mtu kuwaua wote. Lakini kila mmoja ana njia yake, na njia hukatika.

Zuspora ya shambani hupita katika maji yaliyotuama; tuta na mfereji huikata njia yake. Ukungu wa samaki hupita katika nyavu mbichi na madebe ya samaki hai. Jua huikata njia yake. Mdudu wa kipindupindu hutoka katika choo na kuingia kinywani. Njia yake hukatwa mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni choo. Choo kichimbwe mbali na mto na kisima, na watu wote wa nyumba wakitumie, hata watoto wadogo. Mahali pa pili ni maji ya kunywa. Yachemshwe mpaka yatokote sana, yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na yachotwe kwa kikombe chenye mkono mrefu, si kwa kutia vidole. Penye dawa ya klorini, itumike kama watu wa afya wanavyoagiza. Mahali pa tatu ni mikono. Ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu kama hakuna sabuni, baada ya kutoka chooni na kabla ya kupika na kula.

Huko Bangladesh wanawake wa vijiji vingi walifundishwa kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne au zaidi. Mwaka 2003 ilielezwa kwamba katika vijiji hivyo kipindupindu kilipungua karibu nusu. Sababu ni hii: nguo haimzuii mdudu akiwa peke yake, lakini huwazuia wale wanyama wadogo wa majini ambao mdudu ameshikamana nao. Kuchuja hakutoshi kama kuchemsha, lakini mahali kuni zikikosekana kabisa, kuchuja ni bora kuliko kunywa hivi hivi.

Kazi hizi hazitaki fedha nyingi. Zinataka jembe la kuchimba choo na mfereji, jua la kuanika nyavu, moto wa kuchemsha maji, na mtu asiyechoka kuzifanya kila siku. Mtoto wa shule aweza kuanza leo, kwa mtungi wa nyumbani kwao.

Maneno mapya

Hadubini: chombo chenye vioo cha kutazamia vitu vidogo mno.
Oomisete: ukungu wa maji, hufanana na kuvu, lakini si kuvu.
Zuspora: mbegu ya ukungu wa maji yenye mikia miwili, iwezayo kuogelea.
Selulosi: kitu kilichomo katika miti na pamba.
Kitini: kitu kilichomo katika gamba la panzi na katika ukuta wa kuvu.

Maswali

1. Taja mito na maziwa ambayo maji ya Bangweulu hupitia kabla ya kufika Kongolo.
2. Ukungu wa maji hulaje, naye hana mdomo?
3. Oomisete na kuvu hutofautiana kwa mambo gani?
4. Kwa nini mihogo ipandwe juu ya matuta?
5. Anton de Bary alithibitishaje kwamba si mvua iliyoozesha viazi?
6. Mvuvi akimwona samaki mwenye vidonda, afanye nini? Asifanye nini?
7. Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa sababu gani? Eleza jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari.
8. Tazama nyumbani kwenu. Njia ya mdudu wa kipindupindu imekatwa mahali pangapi? Mahali gani bado?